Mhandisi wa Ziwa Atoke Ziwani

Januari 2025 vivuko vya Kigongo–Busisi vilizidiwa nguvu na jani. Gugu jipya, jamii ya salvinia, lilitanda kwenye Ghuba ya Mwanza. Vijani vyake vidogo vyenye vinyweleo vikashikana mpaka maji hayaonekani, boti zikanasa, vivuko vikachelewa, abiria wakabaki wanasubiri. Makamu wa Rais wa wakati huo, Dk. Philip Mpango, alikwenda kujionea, na ikaagizwa mitambo ya kuvuna. Tarehe 19 Juni mwaka huohuo Daraja la J.P. Magufuli likafunguliwa, kilomita 3.2 juu ya maji, na adha ya kivuko ikaisha. Chakula cha lile gugu hakikuisha. Kimo majini, kinaongezeka kila mvua kubwa inaponyesha, na kukipunguza ni kazi ya mhandisi.

Namwandikia kijana wa Kanda ya Ziwa mwenye shahada ya kwanza ya uhandisi wa ujenzi, maji, kemikali au mazingira, anayeishi Nyakato, Buhongwa, Sengerema au Magu, ambaye kwa muda sasa anajiuliza kama aombe shahada ya uzamili ya uhandisi mazingira au aachane nayo. Mdogo wangu, omba. Omba mwaka huu. Sitakudanganya kwamba ni rahisi. Lakini ziwa hili limesemewa sana kwenye warsha na hotuba, na watu wanaoweza kukaa chini wakapima, wakakokotoa, wakachora na kutia saini mchoro wao ni wachache kuliko kazi iliyopo. Waliokulia ukingoni mwake ni wachache zaidi. Nafasi hiyo ni yako, na ukiiacha itajazwa na mtu atakayekuja kwa ndege, akae wiki tatu hotelini, aandike ripoti na kuondoka.

Tuanze na ziwa lenyewe, maana ukilielewa vizuri hutatulia. Ukubwa wake ni kilomita za mraba zipatazo 68,800, lakini kina chake cha wastani ni kama mita 40 tu, na pale penye kina kirefu kabisa ni kama mita 80. Ni pana mno na ni fupi kwenda chini. Maji yake mengi huja kwa mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, na mengi huondoka kwa kupaa angani kwa jua. Sehemu ndogo tu ndiyo inayotoka Jinja kuwa Mto Nile. Fikiria maana yake. Maji yanapaa, fosforasi haipai. Nitrojeni na fosforasi zinazoingia kwa Kagera, Simiyu, Mara na kwa kila mfereji wa mjini hukaa muda mrefu sana, zikilisha mwani na magugu. Ndiyo maana tangu miaka ya 1960 mwani umekuwa ukizidi, na maji ya chini yamekuwa yakikosa oksijeni kwa vipindi virefu zaidi. Magugumaji ya miaka ya 1990 yalikuta meza imeshaandaliwa. Mbawakawa wadogo wa jamii ya Neochetina, wanaolishambulia gugu hilo, wakafugwa na kuachiliwa, na kufikia mwisho wa muongo ule gugu lilikuwa limepungua sana. Meza ikabaki, na salvinia ikaja kuketi.

Sasa sikiliza jambo ambalo wengi hawalitarajii. Mtafiti wa Kitanzania, Rashid Tamatamah, na wenzake walipima fosforasi inayoingia ziwani na kuchapisha matokeo yao mwaka 2005. Sehemu kubwa, kubwa kuliko watu walivyodhani, ilikuwa inashuka kutoka hewani: mavumbi ya ardhi iliyobaki tupu, majivu na moshi wa moto wa mashamba na misitu, vikirudishwa chini na mvua. Anayejua bomba peke yake atajenga bomba, atakata utepe, na ziwa litaendelea kuwa la kijani. Kuunganisha choo cha mjini, shamba la pamba la Simiyu, moto wa kiangazi na mwani wa ghubani ndani ya hesabu moja, kisha kusema shilingi ya kwanza iwekwe wapi, kunahitaji akili iliyonolewa. Kazi ya uzamili ni kuinoa akili hiyo.

Shuka sasa mpaka mjini, au tuseme panda, maana Mwanza ni milima. Pita Igogo au Mabatini kwa miguu, siyo kwa bodaboda. Njia ni ngazi zilizochongwa katikati ya majabali, na nyumba zimekaa juu ya miamba iliyo mikubwa kuliko zenyewe. Ukianza kuchimba choo, hufiki mbali kabla jembe halijagonga jiwe. Shimo linakuwa fupi, linajaa upesi, na gari la majitaka halipandi ngazi. Kwa hiyo mvua kubwa ikianza usiku wapo wanaotapisha vyoo: tundu la pembeni linafunguliwa, na kila kitu kinashuka na maji kwenda kwenye mfereji, kutoka mfereji kwenda Mto Mirongo, na Mirongo unakata katikati ya jiji mpaka ziwani. Ziwa hilohilo ndilo tunalokunywa. Mtambo wa Capri Point unachota humo, na mtambo wa Butimba, uliojengwa kutibu lita milioni 48 kwa siku, unachota humo pia. Shabu na klorini zinafanya kazi yake, lakini kila uchafu unaoongezeka ghubani unaongeza gharama ya kila ndoo.

Usiwalaumu wa milimani. Hawana shimo, hawana barabara, na hawakupewa njia nyingine. Wape njia. Mamlaka ya maji ya jiji, MWAUWASA, imekuwa ikilaza huko juu mfumo rahisi wa majitaka: mabomba membamba yanayopita uani na vichochoroni badala ya barabarani, chemba ndogo, nyumba kadhaa zikiungana kwenye laini moja inayoshuka hadi bomba kubwa la chini. Wazo hili lilikomazwa Brazil katika mji wa Natal mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa sababu walikuwa na mitaa isiyopimwa kama yetu. Mlima tulioulaani kwa kutunyima choo unatoa kitu cha bure, yaani mserereko. Hakuna pampu, hakuna bili ya umeme.

Hapo ndipo maswali yanapoanza, na ningependa uyasome ukiwa na kalamu mkononi. Nyumba inayotumia ndoo sita za maji kwa siku inapeleka kwenye bomba takriban lita 100 tu, tena kwa vijisehemu. Je, zinatosha kusukuma uchafu mzito, au utakwama kwenye kona ya kwanza? Bomba la plastiki lililopita juu ya jabali linachomwa na jua mwaka mzima. Litadumu miaka mingapi kabla halijapasuka, na utalifunikaje bila kulizika? Mteremko ukiwa mkali kupita kiasi, je, maji yatatangulia na uchafu ubaki nyuma? Chemba ikiziba Jumapili usiku, nani anaifungua, kwa kifaa gani, na nani anamlipa? Vitabu vingi vya majitaka viliandikwa kwa ajili ya nyumba zenye maji tele na mitaa yenye nafasi. Jibu la Mabatini litapimwa Mabatini. Mtu akilipima vizuri kwa miaka miwili, jiji zima litamhitaji, na Bukoba, Musoma, Kigali na Bukavu, miji yenye milima kama yetu, zitataka kusoma alichoandika.

Nikuulize tena jambo la ukingoni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda ukanda wa mita 60 kutoka ziwani na mitoni. Sawa. Mwaka 2020 ziwa lilijaa likameza mialo na nyumba, na mwaka 2024 likajaa tena. Mita 60 zinahesabiwa kutoka wapi: palipokuwa na maji mwaka wa ukame, au palipofika maji juzi? Sheria haiwezi kujipima yenyewe. Anatakiwa mtu mwenye takwimu za kina cha ziwa za miaka mingi, ramani ya miinuko na ujasiri wa kuchora mstari ambao utawaudhi baadhi ya watu. Mstari huo ukichorwa kwa makisio, mvuvi wa mwaloni ndiye atakayevunjiwa kibanda, na mwenye hoteli atashinda kesi.

Ujasiri huo una thamani kuliko tunavyokiri. Machi 2022 maji ya Mto Mara yaligeuka meusi na samaki wakafa. Nchi nzima ikauliza ni nini. Serikali iliunda kamati ya wataalamu, nayo ikaeleza kwamba kiini kilikuwa upungufu wa oksijeni uliotokana na kuoza kwa mimea pamoja na kinyesi na mkojo wa mifugo mingi iliyomo bondeni. Watu wengi hawakuridhika na mjadala ukawa mkali. Sina nia ya kuurudia hapa. Ninachotaka ukione ni hiki: mwananchi wa Butiama au Rorya alitaka jibu analoweza kuliamini, na imani ya namna hiyo haijengwi siku samaki wanapoelea. Hujengwa na vipimo vinavyochukuliwa kila wiki, mwaka baada ya mwaka, kwenye daraja lilelile, vikiwekwa wazi, na mtu wa pale anayejua kuvisoma na kuvieleza kwa lugha ya pale. Kungekuwa na wahandisi watano wenye uzamili waliozaliwa bonde la Mara, wanaojulikana kwa majina na kwa kazi yao, mjadala ule ungekuwa na mahali pa kuanzia.

Uchumi wetu nao umeshalipa ada ya somo hili. Kati ya mwaka 1997 na 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria zaidi ya mara moja: kwanza kwa hofu ya vimelea na kipindupindu, baadaye kwa sababu ya sumu iliyotumiwa kuvulia. Viwanda vya minofu vya Mwanza viliyumba, na pamoja navyo mvuvi, mchuuzi wa barafu, dereva na mama wa kukaanga mapanki. Maji machafu yanafika sokoni.

Ukiambiwa kwamba mambo makubwa hayawezekani kwetu, elekeza kidole Ihelele, wilayani Misungwi. Mkataba wa 1929 kati ya Uingereza na Misri ulitaka Misri iridhie kwanza kabla ya kazi kubwa kufanywa kwenye maziwa yanayoulisha Mto Nile. Mwaka 1962 Tanganyika huru, ikifuata msimamo wa Mwalimu Nyerere, ilikataa kufungwa na mkataba huo wa mkoloni. Miongo ikapita, maji yakabaki ziwani na Shinyanga ikabaki na kiu. Kisha, wakati Edward Lowassa akiwa Waziri wa Maji, nchi ikaamua kuchota. Leo maji yanatibiwa Ihelele, yanasukumwa hadi tenki la juu ya kilima cha Mabale, na kutoka hapo yanaserereka kwenda Shinyanga na Kahama. Mradi ulizinduliwa mwaka 2009, na baadaye bomba likaongezwa hadi Nzega, Igunga na Tabora. Mkandarasi wa awamu ya kwanza alikuwa kampuni ya China. Sina kinyongo nayo, ilifanya kazi iliyopewa. Ninachokitaka ni kwamba bomba linalofuata, na mtambo wa majitaka unaofuata, viwe na jina lako kwenye mchoro.

Na wapo waliotangulia. Dk. Askwar Hilonga, mtoto wa kijiji cha Gongali huko Karatu, mhadhiri wa Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha, alibuni chujio linalotumia mchanga pamoja na chembechembe ndogo sana zinazochaguliwa kulingana na tatizo la maji ya mahali husika, iwe floraidi, metali au vimelea. Mwaka 2015 alishinda tuzo ya kwanza kabisa ya Afrika ya ubunifu wa kihandisi inayotolewa na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza. Alianza na maji ya kijijini kwao. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kilikuwa na kundi la watafiti, wakiwamo maprofesa Jamidu Katima na Karoli Njau, waliofanya kazi kwa miaka mingi kuonyesha kwamba majitaka yanaweza kusafishwa na bwawa la kokoto na matete, bila mashine wala umeme. Ukanda wote wa ziwa umejaa matete. Shule za bweni, magereza, vituo vya afya vya Ukerewe na Kome vinamwaga majitaka kila siku. Unasubiri nini?

Najua unachosubiri. Kwanza, ada. Ni kweli ni nzito, na mkopo wa uzamili haupatikani kama ule wa shahada ya kwanza. Lakini milango ipo. Shirika la DAAD la Ujerumani limekuwa likifadhili Waafrika kusoma uzamili ndani ya Afrika Mashariki. IHE Delft ya Uholanzi imefundisha wataalamu wa maji wa nchi zinazoendelea tangu mwaka 1957. Miradi ya utafiti ya vyuo vyetu mara nyingi huwa na nafasi ya mwanafunzi au wawili, na nafasi hizo humwendea aliyeandika barua mapema akionyesha anachotaka kupima. Kama umeajiriwa, muulize mwajiri wako. Wengine wamesomeshwa nusu, nusu wakajilipia, wakamaliza wakiwa wamechoka lakini wamemaliza.

Pili, ajira. Hakuna cheti kinachoahidi kazi, na atakayekuahidi anakuuzia kitu. Hata hivyo tazama nani anahitaji ujuzi huu kuanzia hapo ulipo: MWAUWASA, wakala wa maji vijijini RUWASA, Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, baraza la mazingira NEMC, viwanda vya samaki, migodi ya Geita, na kampuni zinazofanya tathmini ya athari kwa mazingira, ambayo sheria inaitaka kabla ya mradi mkubwa. Wachimbaji wadogo wa dhahabu bado wanashika zebaki kwa mikono mitupu, na Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020. Atakayewaletea njia ya kuchenjua bila zebaki, inayowaingizia kipato na isiyowapotezea dhahabu, atapata wateja kabla hajapata ofisi.

Tatu, hesabu. Umesahau kalkulasi? Irudie. Saa moja kila alfajiri kwa miezi mitatu inatosha kuifufua. EPANET, programu ya kukokotoa mitandao ya mabomba, inatolewa bure na Shirika la Mazingira la Marekani, na QGIS ya kuchora ramani nayo ni bure. Kompyuta ya mkononi ya kawaida inazibeba zote mbili. Chora mtandao wa maji wa mtaa wako kama mazoezi, tenki mpaka bomba la mwisho, uone presha inaanguka wapi. Ukifika darasani, wenzako wataanza ulipokwisha kupita.

Kwa dada zangu nina neno la ziada. Ukingoni mwa ziwa hili mwanamke ndiye aliyesimama majini akichota na kufua, na kichocho kimemwingia hapohapo. Wewe uliyebeba ndoo unajua foleni ya bombani inaanza saa ngapi, choo cha shule kinamshinda nani, na ngazi ipi ya mlimani huteleza. Hizo ni takwimu ambazo mhandisi mwingine atalipa watu kuzikusanya. Ingia nazo chuoni ukiwa umeinua kichwa.

Vyuo vipo karibu kuliko unavyodhani. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha uhandisi wa rasilimali za maji. Chuo Kikuu Ardhi kina mizizi mirefu kwenye uhandisi mazingira. Taasisi ya Nelson Mandela iko Arusha, na Makerere iko ng'ambo ya ziwa lilelile. Uzamili huchukua mwaka mmoja na nusu hadi miwili, na sehemu kubwa ya uzito wake ni tasnifu. Kwa hiyo usiombe chuo ukiwa na vyeti tu. Omba ukiwa na swali.

Wiki hii fanya hivi. Chagua sehemu tatu za Mirongo, au za mto wowote ulio karibu nawe: moja juu kabla ya nyumba, moja katikati, moja unapoingia ziwani. Nenda kabla ya mvua na urudi baada ya mvua. Andika rangi, harufu, kina, na nani anatumia maji hayo kwa kazi gani. Piga picha. Nenda ofisi ya bonde uulize wana vipimo gani vya mto huo na vya miaka mingapi. Kisha andika ukurasa mmoja: tatizo ni lipi, nani anaumia, ungepima nini kwa mwaka mmoja, na jibu lako lingebadilisha uamuzi wa ofisi ipi. Mpelekee ukurasa huo mhadhiri ambaye umesoma kazi zake. Asipojibu ndani ya wiki mbili mkumbushe kwa heshima, na mwandikie mwingine pia, Makerere au Arusha. Wakati unasubiri majibu, nenda kathibitishe nakala za vyeti vyako kwa wakili, omba chuo ulichosoma kikutumie matokeo yako, na uwataarifu wadhamini wawili kwamba majina yao yataandikwa kwenye fomu.